Barua kwa mwanangu anayekwenda kufundisha ufugaji wa samaki

South C, Nairobi

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Hapa nyumbani hatujambo, alhamdulillahi. Babako anakusalimu, na shangazi zako wa Eastleigh wamekuja tena kuulizia hivyo Visiwa vya Solomon viko upande gani wa dunia, mpaka babako akawatolea ramani. Nimefurahi umepata kazi ya kuwashauri watu wa visiwani juu ya ufugaji wa samaki. Nimefurahi zaidi kwa kuwa nami nimestaafu kutoka kazi hiyohiyo, kwa hiyo naweza kukuandikia mambo na si dua tu.

Nianze na lile linaloninyima usingizi. Samaki ukishamtia kwenye maji ya watu, humtoi tena. Mvua hunyesha bwawa likafurika, kingo hubomoka, au mtoto huchota vifaranga kwa ndoo akaenda kuwamwaga mtoni kwa mchezo. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu yeyote afuge samaki gani, jiulize akitoroka itakuwaje, na nani ataubeba mzigo huo wewe ukiwa umesharudi Nairobi.

Sisi wa nchi hii tumeyaona. Mbuta, wengine humwita sangara, aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na tilapia wa Nile naye akaletwa enzi hizohizo. Kufika miaka ya 1980 mbuta alikuwa ameshika ziwa lote. Aina nyingi za furu, wale samaki wadogo wa ziwani, zimepotea, na ngege, tilapia wa asili wa ziwa lile, yule ambaye wazee wa Kisumu wakimtaja hulamba midomo, amebaki kwenye maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli. Sikatai kwamba mbuta alileta viwanda na pesa za kigeni, na watoto wengi walisomeshwa kwa minofu yake. Ila wenye ziwa hawakuulizwa.

Huko unakokwenda, mgeni aliyeleta taabu ametoka kwetu Afrika. Tilapia wa Msumbiji alisambazwa katika visiwa vya Pasifiki, Solomon vikiwemo, katika miaka ya 1950 na 1960. Walimtaka kwa kitoweo cha bei nafuu, na kwingine ili ale viluwiluwi vya mbu. Ni samaki mstahimilivu. Huishi maji baridi na maji ya chumvi, huzaa angali mdogo, na jike huyabeba mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe, ndiyo maana hawamaliziki. Bwawa hujaa samaki ambao hawazidi kiganja, wanagombania chakula kilekile, na hakuna anayenenepa.

Kisome kisa cha Nauru kabla hujaanza kazi. Watu wa kisiwa kile walikuwa na ufugaji wao tangu zamani. Walikusanya vifaranga vya mwatiko kwenye mwamba wa pwani, wakavizoesha polepole kutoka maji ya chumvi, kisha wakavilea katika ziwa la Buada, kila familia na sehemu yake. Miaka ya 1960 akaletwa tilapia. Akala chakula cha mwatiko, mwatiko akadumaa, na mwishowe watu wakakata tamaa wakaacha. Ujuzi wa vizazi na vizazi umemalizwa na samaki aliyeletwa kwa nia njema! Mwatiko ni huyuhuyu wetu wa pwani, mwanangu, yule ambaye babu yako akirudi naye Faza, kisiwani kwetu Pate, bibi yako alikuwa akikaa chini kwenye mkeka kuwachambulia miiba wajukuu mmoja mmoja. Kila nikikifikiria kisa cha Buada namwona bibi.

Sasa, utakutana na wataalamu watakaokwambia dawa ni kumleta tilapia wa Nile aliyeboreshwa. Wana hoja, wasikilize. Mbegu ile inayoitwa GIFT ilianzishwa Ufilipino mwaka 1988 kwa kuchanganya tilapia waliochukuliwa Misri, Ghana, Senegal na hapa Kenya, na hukua haraka kweli. Fiji wanamfuga. Mimi si adui yake. Ila uliza juu ya kila bonde: mto ukifurika unafika wapi? Chini yake kuna ziwa au kijito chenye samaki wa asili? Usiridhike na jibu kwamba vifaranga ni madume watupu. Tulivilisha homoni ya kuvigeuza madume kwa wiki tatu au nne vingali vidogo, na bado majike wachache walikuwa wakipenya. Wachache wanatosha. Palipo na mashaka, mwambie mwenye mradi hapana, hata kama pesa zimeshatoka na mabango yameshachapishwa.

Lingine ni adabu ya visiwani, na hapa nasema kama mtoto wa kisiwa. Pate tulizoea kuwaona wageni wakishuka botini na makaratasi. Hukalishwa barazani na wazee, huletewa kahawa, huongea, huondoka jioni kabla maji hayajatoka. Wanawake waliokuwa nyuma ya nyumba wakipara na kukausha samaki hawakuulizwa lolote. Huko Solomon sehemu kubwa ya ardhi ni ya koo kwa mila, na hata miamba ya baharini ina wenyewe. Usichimbe hata shimo la nguzo kabla hujajua ni ardhi ya ukoo gani na nani mwenye usemi. Halafu waulize kina mama. Bwawa likiwa karibu na nyumba wao ndio watakaolilisha kila siku, na wao ndio wanaojua watoto wanakula nini mezani na wiki gani kitoweo hukosekana.

Utasikia pia wageni wakilalamika kwamba mfugaji kule hapati faida kwa sababu jamaa zake wanakuja kuomba samaki. Wenyewe wanaziita jamaa hizo wantok, watu wa lugha moja, na haki yao haikataliki. Tafadhali usijiunge na malalamiko hayo. Faza mvuvi aliyepitisha samaki mbele ya mlango wa jirani bila kuacha kitoweo angesemwa mpaka kaburini. Bwawa dogo la nyumbani kazi yake ya kwanza ni kulisha watu. Hesabu sahani kwanza. Soko litakuja kwa anayeliweza.

Unakumbuka mpango wa serikali wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009? Ulikuwa bado shule. Mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140, kila moja mita za mraba 300, vifaranga vya bure, chakula cha bure. Nchi nzima samaki wa kufugwa walipanda kutoka tani zisizofika 5,000 hadi zaidi ya 24,000 mwaka 2014. Kisha ruzuku ikakatika na mavuno yakaporomoka. Nilizunguka Murang'a na Kirinyaga baadaye, nikakuta mabwawa yameota magugu, mengine yamegeuzwa ya kumwagilia nyanya. Waliobaki wakifuga walikuwa wale waliokuwa na chanzo chao cha vifaranga karibu na walioweza kujitengenezea chakula. Kwa Solomon, ambako bwawa lililoachwa huzaa mbu na malaria ipo, shimo lililotelekezwa lina madhara makubwa zaidi. Asiyekuwa tayari kulitunza mwache, usimshawishi ili idadi yako itimie kwenye ripoti.

Juu ya chakula: hicho ndicho kinachokula zaidi ya nusu ya gharama, hata hapa kwetu ambako viwanda viko karibu. Kisiwani kila gunia limevuka bahari. Tazama kilichopo. Nazi zipo tele, kwa hiyo machicha yapo. Kuna mchwa, majani ya mihogo, mapapai yaliyoanguka. Fundisha kutoa kidogo kidogo na kutazama. Chakula kisichoisha kwa muda mfupi huzama, kinaoza, na kuoza kunakula oksijeni.

Na hili la oksijeni nisikilize vizuri. Mchana mimea midogo ya majini hutengeneza oksijeni, usiku nayo huivuta pamoja na samaki, kwa hiyo hali huwa mbaya kabisa karibu na mapambazuko. Mshauri anayefika saa nne asubuhi na kipimo chake ataandika kwamba kila kitu ni shwari. Wewe lala kijijini. Amka alfajiri, uswali, kisha nenda bwawani kabla jua halijatoka, simama kimya. Ukiwaona wamekuja juu wakifungua vinywa usoni mwa maji, wanatafuta pumzi. Tilapia hustarehe kwenye miligramu 5 za oksijeni kwa lita na kupanda. Chini ya 3 wanataabika. Mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wa vizimba ziwani upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi mno kwa sababu hiihii ya oksijeni kushuka, na kuna waliokuwa wamekopa.

Kijijini hawatakuwa na kipimo ukiondoka, kwa hiyo wafundishe kupima maji kwa mkono. Tia mkono taratibu, kiganja kimekunjuka kuelekea juu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kijani kimezidi: mfugaji asimamishe mbolea, apunguze chakula, aingize maji mapya. Maji yakifika kiwikoni na bado unaona vidole vyote, bwawa lina njaa ya mbolea. Nimewafundisha bibi vizee wasiojua kusoma, wakawa wanawasahihisha vijana wangu wa ofisini.

Jumamosi nilikwenda Gikomba. Makatoni ya tilapia waliogandishwa kutoka China yamepangwa kando ya samaki wa vizimba wa Homa Bay, na wateja wanafunua mashavu kutazama matamvua kama bado ni mekundu. Mama mmoja akaniambia hataki samaki wa bwawa kwa sababu ananuka tope. Ni kweli hunuka, na dawa yake ni rahisi: akishavuliwa akae siku kadhaa kwenye maji safi yanayopita, bila kulishwa. Waambie watu wako wafanye hivyo kabla ya kumkaribisha mgeni wa kwanza kuonja. Mtu akionja tope mara moja, kumrudisha ni kazi.

Mikoko usiiguse kwa ajili ya bwawa lolote. Ulipokuwa mdogo nilikupeleka Ngomeni ukayaona yale mabwawa ya kufugia kamba yaliyochimbwa mwishoni mwa miaka ya 1970 yakaachwa. Yatosha.

Nimekufungia chandarua na kipimajoto changu cha zamani, kile cha kamba ya nailoni. Kanga mbili ni za mwenyeji wako. Dawa za malaria umeze kama ulivyoelekezwa, usiruke. Honiara, mji mkuu wa huko, mko mbele yetu kwa saa nane, kwa hiyo piga Jumapili saa mbili usiku ya huko. Hapa itakuwa saa sita mchana, babako atakuwa nyumbani, na anataka umweleze mwenyewe ni aina gani ya samaki waliomo mtoni kabla hamjatia wenu.

Mama yako