Nani anapanga bei ya mtungi?

Mhariri,

Mimi ni mkaaji wa Pipeline, Embakasi, na hii stori ya bei ya maji imenichosha. Kampuni ya kaunti ikitaka kuongeza bei lazima ipeleke hesabu zake kwa WASREB, ile bodi ya kudhibiti huduma za maji, wananchi waulizwe maoni, kisha bei mpya itangazwe kwa gazeti la serikali. Hiyo ni sheria ya maji ya 2016. Inaweza kuchukua muda, lakini angalau kuna mahali pa kubishana.

Sasa kuja kwa ploti yetu. Maji ya mfereji yakipotea, mwenye kisima ako na bei yake ya asubuhi na ingine ya jioni, na ukiuliza anakuambia stima imepanda, si uende ukachote kwingine. Wiki jana nimenunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20. Piga hesabu, mitungi 50 ndiyo yuniti moja ya maji, lita 1,000, yaani nimelipa kwa kiwango cha shilingi 1,000 kwa yuniti, na kupanda ngazi hadi floo ya sita ni juu yangu!

Sikatai mtu apate faida, kuchimba kisima si bure, pampu nayo inakula stima. Lakini kama yule wa mfereji analazimishwa kuonyesha hesabu, mbona huyu wa kisima anayeuzia ploti kumi asiulizwe hata maji yamepimwa lini? Hao wa bodi waje Pipeline siku ya Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, wapange laini na sisi.

Mkaaji, Pipeline, Nairobi