Kuingia Mfereji wa Panama si kuuvuka: soma kabla kikundi chako hakijalipa arbuni

Ujumbe tunaoupokea mara nyingi kuliko wowote ni huu: "Tuko watu kumi na wanane, tunataka meli ya utalii inayopita Panama. Bei gani?" Bei hatuitaji kwanza. Tunauliza: mnataka kuuvuka mfereji, au kuuingia na kurudi? Wengine hudhani tunawapotezea muda kwa maneno. Lakini tulishawahi kufuatwa na kikundi kilichonunua safari kwingine, usiku kumi na moja, wote wakiamini wataanzia Atlantiki na kumalizia Pasifiki. Asubuhi ya siku yenyewe meli ikapanda hadi ziwani, ikageuka, ikashukia palepale ilipopandia. Jioni walikuwa kwenye Karibi ileile waliyoamkia. Hakuna aliyewadanganya. Ratiba ilisema, ila hakuna aliyewafafanulia.

Tuanze na mfereji wenyewe. Una urefu wa kilomita 80 hivi, na haufanani na Suez, ambako meli hupita mtaro mmoja ulio sawa na bahari. Panama ni ngazi. Meli inayotoka upande wa Karibi huingia vyumba vitatu vya maji pale Gatún na kupandishwa hadi mita 26 juu ya usawa wa bahari. Inakata Ziwa Gatún, ambalo si la asili: ni bonde la mto Chagres lililozibwa kwa bwawa, na visiwa unavyoviona ni vilele vya vilima vilivyosalia juu ya maji. Baada ya ziwa kuna Culebra, mlima uliochongwa meli zipite, halafu unaanza mteremko: ngazi moja Pedro Miguel, mbili Miraflores, na hapo ni Pasifiki. Kwa jumla ni saa 8 hadi 10. Hakuna pampu inayoinua chochote. Milango ya chuma hufungwa, maji ya ziwa yakateremka kwa uzito wake na kujaza chumba, meli ikapanda nayo polepole kiasi kwamba aliye ndani akinywa chai hajui kama anapanda.

Safari ya kuvuka hupita ngazi zote hizo, na aghalabu ni ya usiku 14 hadi 16, kwa mfano kutoka Florida hadi California au kinyume chake. Safari ya kuingia ni fupi, huanzia na kuishia bandari ileile, na huona Gatún na ziwa tu. Ziwani, waliolipia matembezi hushushwa kwa boti. Meli hurudi chini na kuwasubiri gatini Colón, bandari ya Panama upande wa Karibi, nao huletwa kwa basi. Kwa hiyo aliyeshuka haoni meli yake ikiteremshwa; aliyebaki anaona kupanda na kushuka, lakini Culebra haioni. Njia ya kati ipo: yapo matembezi ambayo boti ndogo huwapitisha abiria Culebra, Pedro Miguel na Miraflores hadi upande wa Pasifiki, kisha basi huwarudisha. Kwa kikundi chenye wazee wasioweza kukaa baharini wiki mbili, au vijana wasio na likizo ndefu, sisi huishauri hiyo bila kusita. Mwenye ndoto ya kutoka bahari moja kwenda nyingine akiwa juu ya sitaha ya meli yake asiuziwe kitu kingine.

Swali la pili tunalouliza ni ukubwa wa meli, na hapa ndipo wateja hushangaa. Vyumba vya zamani, vilivyofunguliwa 1914, vina upana wa mita 33.5. Meli pana kuliko zote zinazopita humo kwa kawaida ni ya mita 32.3. Hesabu mwenyewe: ni kama sentimita 60 kila upande. Ukuta unauona karibu na uso wako, na vichwa vya treni vidogo vinavyoitwa "nyumbu" vinatembea juu yake vikiishika meli kwa kamba za chuma isigonge. Meli kubwa zaidi hutumia vyumba vipya vilivyofunguliwa Juni 2016, vyenye upana wa mita 55. Humo hakuna nyumbu, kazi hufanywa na tagi, yaani boti zenye nguvu za kuvuta meli, mbele na nyuma. Kwa maoni yetu, raha ya mfereji iko kwenye vyumba vya zamani, hata kama meli yake ina mabwawa machache ya kuogelea. Meli zile kubwa kupindukia hazivuki kabisa, kwa kuwa haziwezi kupita chini ya Daraja la Amerika upande wa Pasifiki.

Chumba cha kulala chenye roshani? Kwa siku ya mfereji pekee, usikilipie. Pale Gatún roshani ya chini itakuonyesha zege. Watu wote wanakuwa omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, na omo ni bure. Amka kabla ya alfajiri, kwa sababu meli nyingi za utalii huanza kuingia mapema asubuhi. Jambo moja huwachanganya wengi: ukitoka Karibi kwenda Pasifiki huelekei magharibi, unaelekea kusini-mashariki, kwa jinsi nchi yenyewe ilivyojikunja. Jua la asubuhi litakuwa kushoto kwako, la jioni kulia. Kwenye joto lile, kujua kivuli kiko wapi ni jambo kubwa.

Kuhusu bandari, wengi huuliza kwa nini meli zinazotoka Florida kwenda California karibu zote husimama Cartagena ya Kolombia, au Aruba. Kuta za kale na ngome ya San Felipe zinatosha kuwa sababu, lakini ipo nyingine. Sheria ya Marekani ya 1886 inaizuia meli iliyosajiliwa nje ya Marekani kumpakia abiria bandari moja ya Marekani na kumshusha nyingine, isipokuwa njiani imefika bandari ya kigeni inayohesabiwa kuwa ya mbali. Mexico, Jamaica, Costa Rica na hata Panama si mbali kwa sheria hiyo. Amerika Kusini ni mbali, na Aruba, Bonaire na Curaçao pia. Basi bandari nyingine inaweza kurukwa bahari ikichafuka, lakini hiyo ya mbali si rahisi. Ila kuna bandari, kama Grand Cayman na Cabo San Lucas, ambako meli hutia nanga nje na abiria hufika nchi kavu kwa boti. Kama kuna mtu wa kiti cha magurudumu, tuambieni mapema, maana kushuka kwenye boti inayoyumba si sawa na kushuka gatini.

Miezi? Kati ya katikati ya Desemba na Aprili Panama huwa na kiangazi. Msimu wa vimbunga wa Atlantiki ni Juni hadi Novemba. Mvua ikikosa kabisa nayo ni tatizo: kila meli inayopita vyumba vya zamani humwaga baharini lita kama milioni 200 za maji ya ziwa, na ukame wa 2023 uliwalazimu wenye mfereji kupunguza idadi ya meli kwa siku.

Bei za vyumba hutajwa kwa mtu mmoja, kwa hesabu ya wawili chumbani. Anayetaka kulala peke yake hulipa karibu mara mbili, na vikundi vingi hugombana hapo, basi pangeni wenza kabla ya arbuni.

Nyaraka ndizo hukwamisha watu. Safari inayoanzia Florida na kuishia California inakutoa Marekani na kukurudisha, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Panama na Costa Rica hudai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika.

Ukituandikia, tutajie mambo manne: mko wangapi, mnavuka au mnaingia tu, nani hawezi ngazi, na majina kamili kama yalivyo kwenye pasipoti, si yale tunayoitana.