Barua ya wazi: Mheshimiwa, njoo uchukue mahindi yako

Kwa Mheshimiwa msimamizi wa chakula cha msaada huku kwetu,

Salamu nyingi. Natumai wewe na jamaa zako mmeamka salama, na mmekula.

Jumamosi tulipiga foleni uwanjani kwa chifu tangu saa kumi na moja alfajiri. Lori lilifika saa tisa alasiri, pamoja na wapiga picha. Ulinikabidhi mahindi gorogoro mbili, ile mikebe ya kupimia, kwa mkono wako mwenyewe ukasema, "Mama, tabasamu." Nikatabasamu. Picha nimeonyeshwa, nimetoka vizuri.

Nyumbani niliyamwaga mahindi yale kwenye uteo. Yameshikana mabonge, yana ukungu wa kijani, na vumbi lake lilinipanda puani nikakohoa hadi machozi. Nilichagua punje moja moja mpaka jua likazama. Zilizosalimika hazikujaza kikombe. Mjukuu wangu akaniuliza mbona nachezea chakula.

Mheshimiwa, sikusoma sana, lakini redio nasikiliza. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na kwingineko hapa Kenya, watu 125 walikufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu ile haiishi kwa kuchemsha. Sasa unaponipa mahindi haya unanipa nini?

Wengine wanasema magunia yalinyeshewa bohari­ni. Wengine wanasema mazuri yalishushwa njiani, tukaletewa haya. Mimi si mpelelezi. Najua tu kwamba wewe ulivaa glavu.

Wala hatukuzaliwa ombaomba. Nilikuwa na mbuzi 14. Mvua ikakata misimu mitano mfululizo, vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, wakabaki wawili, na hao nimewauza nilipe karo. Mwaka 2014 tuliambiwa ekari milioni moja za Galana Kulalu, mradi wa serikali wa kumwagilia mashamba, zitatulisha sisi na nchi nzima. Haya. Mwaka jana barazani ukatusomea Katiba, Kifungu cha 43, kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Unaokubalika na nani, Mheshimiwa? Tulipiga makofi siku ile.

Nilitaka kukuomba mengi: mizani iwekwe hadharani, orodha ya majina isomwe mbele ya watu, mbegu zije kabla ya mvua, si baada. Hayo yaache. Naomba moja.

Njoo uchukue mahindi yako. Kuku siwapi, watakufa. Kupanda hayaoti. Kuyatupa naogopa, jirani ataokota, maana nyumba ile haijawasha moto tangu juzi. Nimeyafunga kwenye mfuko, nimeyapandisha darini. Kila nikienda kuchota maji, mwendo wa saa mbili kwenda tu, nawaza huyu mtoto ameshajua kupanda kiti.

Lori si lazima. Mfuko ni mdogo, utaenea kwenye gari lako. Njoo leo.

Ni mimi, mama uliyemwambia atabasamu.