Msitu wa mvua si bustani ya jiji

Mhariri,

Ni mwaka wa kumi na nane nasoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia. Yapo mengi yaliyoniudhi, nikafunga ukurasa nikaendelea na shughuli zangu. Lakini makala ya Jumamosi iliyopita, ile ya kuwahimiza watu wa mijini kutembelea hifadhi za misitu ya mvua zilizo jirani na majiji, nimeshindwa kuinyamazia. Mwandishi wako anasema safari hiyo haitaki maandalizi. Eti mtu ale chakula cha mchana mjini, aingie msituni saa nane, na jioni awe amesharudi kwake. Saa nane mchana, Mhariri! Hiyo ni saa ya kutoka, si ya kuingia.

Sehemu nyingi za tropiki jua la asubuhi huipasha ardhi, mvuke ukapanda, mawingu yakajikusanya, na alasiri mvua ikamwagika. Mingi ya misitu hii hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hata huo msimu unaoitwa wa kiangazi ni wa mvua chache tu, si wa ukavu. Anayetaka kuona kitu aingie alfajiri, ndege wakiwa wanaimba na kima wakila juu ya miti. Saa nane utakuta msitu umeshanyamaza na wingu limeshaiva.

Nayasema haya kwa sababu yalinikuta. Mwaka juzi, baada ya kusoma ushauri wa namna hiyo hiyo, nilimchukua mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 67, na mpwa wangu wa miaka tisa, tukaenda kwenye msitu mmoja wa hifadhi ulio karibu na jiji. Langoni tukaambiwa njia ya kuzunguka ni kilomita nne. Nikapiga hesabu ya barabarani: saa moja, tukijikokota saa moja na nusu. Hakuna aliyetuuliza majina, wala aliyeitazama miguu ya mama, aliyekuwa amevaa raba nyeupe zenye soli laini kama za kutembelea sebuleni. Tukaingia saa nane na nusu. Udongo ulikuwa umelowa, mizizi imetambaa juu ya njia kama mishipa ya mkono wa mzee, na kila mteremko ilibidi nitangulie nimpe mama bega. Tulivuka kijito ambacho maji yake yalifika kwenye kifundo cha mguu, meupe kiasi cha kuhesabu kokoto, na mtoto akakaa juu ya jiwe katikati kufunga kamba za viatu. Saa moja na nusu ikapita na nusu ya njia hatujaifikia. Nikasema turudi. Hapo ndipo tukaisikia mvua kabla ya kuiona. Ilivuma juu ya majani kwa dakika kadhaa bila tone kutufikia, na mtoto akawa anacheka, anasema msitu umetushikia mwavuli. Tulipofika kwenye kile kijito, maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yamebeba majani na vijiti, na lile jiwe halionekani. Pale tuliposimama ilikuwa imenyesha ya kawaida tu. Kumbe huko juu mlimani ilishamwaga zamani. Tukakaa kungoja. Kilichonitisha zaidi ya maji ni giza. Karibu na ikweta machweo ni mafupi, na chini ya miti mikubwa hata mchana mwanga unaofika ardhini ni kama asilimia mbili tu, kwa hiyo saa kumi na moja na nusu, huko nje jua bado lipo, mimi siuoni mshale wa saa yangu. Simu haina mtandao. Ramani inatuonyesha tuko ng'ambo ya pili ya maji. Mama ameshika mzizi kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine, anasali kimya kimya, midomo tu ndiyo inacheza.

Walitukuta saa mbili kasoro, askari wawili wa msitu wenye tochi na kamba. Nilipowauliza wamejuaje kama tumo ndani, mmoja akanijibu kwamba gari letu ndilo lililobaki peke yake uwanjani. Basi! Kwa hiyo tungekuja kwa basi, tungelala mle. Mguu wa mama ulivimba wiki tatu. Hadi leo mvua ikianza kugonga bati, swali lake la kwanza ni mtoto yuko wapi.

Sasa nirudi kwa mwandishi wako. Ametaja Bukit Timah ya Singapore, Tijuca ya Rio de Janeiro na El Yunque ya Puerto Rico, kuonyesha kuwa msitu unaweza kuwa jirani na jiji na watu wakaingia watakavyo. Mbona hakusema kwamba Bukit Timah, ambayo kilima chake kina mita 163 tu, ilifungiwa watu sehemu kubwa ya njia zake kuanzia 2014 hadi 2016 ili kutengeneza miteremko na njia zilizolika kwa wingi wa nyayo? Mbona hakusema kwamba kimbunga Maria kiliuvunja msitu wa El Yunque mwaka 2017, na njia nyingine zikakaa miaka bila kufunguliwa? Mgeni anayefunga safari bila kuulizia kwanza kama njia iko wazi atapanda ndege kuja kusoma kibao. Na Tijuca ndiyo ingemfundisha zaidi. Milima ile ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya mashamba ya kahawa, chemchemi za jiji zikaanza kukauka, na kuanzia mwaka 1861 ikabidi miti ipandwe upya kwa amri ya mfalme. Msitu ule umesimama pale kwa sababu mabomba ya jiji yalikuwa yanakauka. Umewekwa kwa ajili ya maji, matembezi yamekuja baadaye.

Na kuna ile picha mliyoiweka juu kabisa ya makala, ya mtoto anampa kima mkate. Nani aliichagua? Kima akishaonja mkate haombi tena, ananyang'anya. Atararua mfuko, atang'ata mkono wa mtoto atakayefuata, kisha watu watasema kima wa hapa ni wakali, waondolewe. Maradhi nayo yanapita huku na huku, ya kwetu yanawafikia wao na ya kwao yanatufikia sisi. Huko huko Singapore anakosema mwandishi wako, kulisha mnyama wa porini ni kosa la kisheria. Wapo pia wanaoingia na spika begani. Mwaka jana nilirudi kwenye msitu ule ule peke yangu, safari hii saa kumi na mbili asubuhi, nikasimama karibu nusu saa chini ya mtini mkubwa ambao hondohondo walikuwa wanaula matunda. Likaja kundi na muziki wao, na wale ndege wakaondoka wote kwa mara moja. Sikuwaona tena siku ile. Watu wale hawakujua hata kwamba kulikuwa na ndege.

Ninaloliomba ni dogo. Kila mnapochapisha makala ya kupeleka watu msituni, wekeni kisanduku chini yake, chenye mambo haya kabla ya picha yoyote: saa ya mwisho ya kuingia, urefu wa njia kwa saa za kutembea na si kwa kilomita, mito inayovukwa kwa miguu, miezi ya mvua kubwa, na namba ya simu ya langoni. Andikeni wazi kwamba maji yakibadilika rangi, usivuke. Na kwa wasimamizi wa malango, kwa kuwa najua gazeti hili wanalisoma: nunueni daftari moja kubwa lenye mistari, lifungeni kwa kamba kwenye meza, na lichoreni safu nne. Jina, idadi ya watu, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Saa kumi na moja kamili jioni askari alifungue, na kila jina ambalo safu ya nne iko wazi, aanze kulitafuta kabla giza halijaingia, bila kungoja kuhesabu magari.

Msomaji wako wa siku nyingi