Mhariri, nilikuwa nasahihisha kurasa sa hizi navuta waya

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote hapo dawatini, najua muda huu mnakimbizana na kurasa kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe, ingawa mi nikianza kuandika huwa siishii njiani.

Wiki iliyopita mlitoa makala ya ndugu mmoja anasema waliopunguzwa kazi waache kulialia, wajiajiri, fursa ziko nje nje. Niliisoma nimekaa juu ya ngazi nasubiri mteja alete balbu, nikacheka mwenyewe mpaka akaniuliza kulikoni. Mimi ndo hao waliopunguzwa. Nilikuwa mhariri msanifu kwenye gazeti moja la Kiswahili hapa Dar kuanzia 2007 mpaka 2020, miaka 13 kamili, na leo ni fundi umeme wa majumbani. Kwa hiyo kujiajiri nimejiajiri kweli, ila yeye ameandika kama vile mtu anatoka ofisini Ijumaa na Jumatatu anafungua biashara, haiko hivo jamani.

Corona ilikata matangazo na sisi tukapigwa redandansi, lakini tusiisingizie corona peke yake maana dalili zilianza zamani. Watu walikuwa wanasimama mbele ya meza ya muuza magazeti wanasoma vichwa vya habari wanaondoka zao, baadaye hata kusimama wakaacha maana saa 12 asubuhi kurasa za mbele zote ziko kwenye magrupu ya WhatsApp na gazeti zima linafuata kwa PDF, na waliokuwa wanalirusha wengine ni sisi sisi wa chumba cha habari, tukimtumia shemeji bure gazeti ambalo ndo linatulipa mshahara.

Sasa twende kwenye hela, hapa ndo makala yenu ilipita kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza, mwisho miaka 10. Yaani mimi mwenye miaka 13 na aliyekaa miaka 10 tunalingana, siku 70 basi, posho haihesabiwi, ile mitatu mingine nilikuwa nakesha na prufu, zile kurasa za kusahihisha kabla ya kuchapwa, kwa faida ya nani sijui. Na hizo siku 70 nililipwa kwa awamu mbili, ile ya pili nimeifuata mpaka mlinzi akawa ananiita shangazi. Kwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nako nakuta michango ya miezi kadhaa haijapelekwa ingawa kwenye salari slipu walikuwa wanakata kila mwezi bila kukosa. Ukiona umeonewa unaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, lakini kama unapinga kuachishwa una siku 30 tu toka siku ulipoachishwa, na wenzangu kadhaa walikaa wanasubiri ahadi za HR, "tunalishughulikia, tunalishughulikia", mwezi ukaisha hivo hivo. Haya mambo tulikuwa tunayaandika kwenye gazeti kila Mei Mosi halafu wenyewe hatuyajui!

Aibu nayo. Miezi mitano nilikuwa naamka, navaa vizuri, napanda daladala kama naenda kazini halafu naenda kukaa Maktaba Kuu pale Bibi Titi, majirani wasijue. Nachukua magazeti, nasoma na penseli mkononi nazungushia makosa, siku moja mhudumu akanifokea naharibu mali ya umma. Alikuwa na haki yake.

Umeme ulikuja kwa bahati tu. Soketi ya jikoni iliungua, nikaita fundi, nikawa namuuliza kila anachogusa, hii ya nini, kwa nini hii nyembamba ile nene, mpaka akaniambia "we mama unauliza kama polisi, si ukasome mwenyewe". Nikaenda kweli. Nilikopa kwenye kikoba chetu nikaanza kozi fupi ya umeme chuo cha ufundi VETA Chang'ombe, darasani wengine wana miaka 19, wakaniita bi mkubwa, wiki ya kwanza nilitindua ukuta mpaka mikono ikatoka malengelenge nikalia chooni. Mwalimu wetu alikuwa na msemo wake kwamba umeme haujui ulikuwa nani. Nikampenda bure.

Nikimaliza nikawa saidia fundi kwa huyo huyo aliyenitania, karibu mwaka mzima nabeba ngazi. Nikifika saiti mwenye nyumba ananiangalia, "dada karibu, fundi yuko nyuma?" Hata leo wapo wanaouliza, najibu ndo mimi, halafu wanasimama mlangoni kunichunga nisije nikaunguza nyumba. Mmoja wa zamani ofisini alinikuta Chanika niko darini nimejaa vumbi akasema "dah, mwandishi umeishia huku". Huyo huyo juzi kanipigia nikamrekebishie mita yake ya Luku inapiga kelele usiku kucha.

Kumbe kazi ya prufu sijaiacha. Siku moja nimeitwa nyumba moja taa ya bafuni inazimika vizuri tu lakini ukishika holda unapigwa shoti. Fundi aliyetangulia alikuwa amepitisha nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, kwenye swichi badala ya waya wa moto, yaani taa imezimwa ila moto uko pale pale umekaa unasubiri mtu. Yeye kazi yake aliijaribu, taa inawaka taa inazima, akapokea hela akaondoka. Wengine wanavuta waya mwembamba wa 1.5 kwenye soketi badala ya mnene wa 2.5 ili chenji ibaki mfukoni, mwenye nyumba hajui mpaka siku anapochomeka hita na pasi kwa pamoja. Mi nakagua laini moja moja kama nilivyokuwa nakagua kurasa, gazetini ukikosea kesho yake unatoa masahihisho, hapa kuna mtoto anaingia kuoga.

Na kingine kinachonipa wateja ni karatasi. Kabla sijagusa kitu naandika orodha ya vifaa, idadi, bei ya dukani, ufundi pembeni, inasomeka. Watu hawajazoea, wamezoea kuambiwa "nipe laki mbili tutaangalia". Hela bado haijafika mshahara wa zamani kila mwezi, mwezi wa mvua inaupita, mwezi wa Januari hakuna anayejenga nakula akiba.

Kwa hiyo Mhariri huyo ndugu aendelee kutuhamasisha, simkatazi, ila siku nyingine mpeni nusu ukurasa mwingine aandike siku 7 ni zipi, siku 30 zinaanza lini, na mtu aangalieje michango yake NSSF angali bado ana kitambulisho cha kazi shingoni. Mkiwa hamna nafasi punguzeni ile picha kubwa ya mtu kashika laptop anacheka.

Halafu aya ya tatu ya hiyo makala imeandikwa "kuajiliwa". Nimeshaizungushia na penseli.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa kike,
Chanika, Dar es Salaam