Barua ya wazi kwa Katibu wa Elimu ya Msingi: mgao wa kuhesabu vichwa unaziumiza shule ndogo za vijijini

Mheshimiwa Katibu,

Salamu kutoka Mombasa. Tunaokuandikia ni walimu na wanabodi wa shule za msingi za vijijini, kuanzia pembezoni mwa kaunti hii kama Mwakirunge hadi bara ya Kinango, Kaloleni na Ganze. Ombi letu ni moja: kila shule ya msingi ya umma itengewe kiasi cha kuanzia kisichotegemea idadi ya watoto, ndipo mgao wa kila mwanafunzi uongezwe juu yake.

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, mgao ulikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka. Baadaye ukapandishwa hadi 1,420. Shule ya mjini yenye watoto 1,200 inastahili shilingi 1,704,000. Shule ya kijijini yenye watoto 160 inastahili 227,200. Lakini mlinzi wa usiku anahitajika huku na kule, na paa likiezuliwa na upepo fundi haulizi shule ina watoto wangapi. Mlinzi akilipwa 5,000 kwa mwezi, ujira ambao uko chini ya kima cha chini kinachotakiwa na sheria, anamaliza 60,000 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya robo ya fedha zote za shule ile ndogo.

Tena fedha haziji kwa mkupuo. Kwa mgawanyo wa asilimia 50, 30 na 20, shule hiyo hupokea 113,600 muhula wa kwanza, 68,160 wa pili na 45,440 wa tatu. Zinapochelewa, mwalimu mkuu huchukua chaki na karatasi za mtihani kwa mkopo, na mwenye duka anayekopesha hauzi kwa bei ya jumla. Fedha zikifika, sehemu yake imekwisha kuliwa na tofauti ya bei. Isitoshe, za vifaa vya kufunzia zina akaunti yake na za uendeshaji zina yake, na hairuhusiwi kuhamisha. Ndiyo maana utakuta kabati lina chaki za kutosha na choo cha wasichana hakina mlango.

Maji ndiyo yanayotuumiza zaidi. Watoto 160 wakipewa lita 2 tu kila mmoja kwa siku, za kunywa na kunawa, ni lita 320. Lori la lita 10,000 halivuki siku 31 za masomo, na hapo hatujahesabu jiko. Bei ya lori hupanda kadiri barabara inavyokuwa mbovu, kwa hivyo shule ya mbali, yenye fedha kidogo, ndiyo inayolipa zaidi. Na dawa iko juu ya madarasa yenyewe. Darasa la mita 7 kwa 8 lina paa la mita za mraba 56. Hata mwaka wa mvua ya milimita 500, paa hilo linaweza kukusanya takriban lita 22,000 baada ya kutoa zinazopotea. Miradi ya kuvuna maji ya mvua hufeli kwa mambo madogo: mifereji hufungwa bila mteremko maji yakatuama, mbao za ukingoni mwa paa huliwa na mchwa, tangi huwekwa juu ya udongo laini likapasuka chini. Ni ukarabati wa kila mwaka, na shule ndogo haina fedha za ukarabati.

Kisha kuna watoto wasiohesabiwa kabisa. Mgao hufuata majina yaliyo kwenye mfumo wa Wizara wa kusajili wanafunzi kwa kompyuta, na mfumo unataka cheti cha kuzaliwa. Vijijini kwetu wako watoto wengi waliozaliwa nyumbani, na mzazi aliyechelewa kumwandikisha mtoto huambiwa alete barua ya naibu wa chifu, kisha apande matatu hadi mjini, mara nyingi zaidi ya safari moja. Watoto 20 wakikosa cheti, shule inapoteza 28,400 kwa mwaka, ilhali wote 20 wako darasani na wanatumia chaki ile ile. Hatuwezi kuwarudisha nyumbani, wala hatutaki.

Pengo hilo huzibwa na mzazi. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza karo, na mchango mwingine wowote unahitaji idhini ya Waziri baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mtoto asifukuzwe kwa kutolipa. Tunaiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Lakini kumwadhibu mwalimu mkuu aliyeomba pesa za mlinzi hakumleti mlinzi.

Kuhusu upungufu wa walimu, tutaiandikia Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC).

Kiasi cha kuanzia kikadiriwe kwa gharama halisi za mlinzi, maji na ukarabati wa paa na vyoo, na kilipwe chote wiki ya kwanza ya Januari. Bajeti ikiwa finyu, zianze shule zisizofika watoto 250. Pia maafisa wa usajili wa watu wapelekwe shuleni, wakae na naibu wa chifu na wazazi siku moja katika muhula wa kwanza, kabla hesabu ya wanafunzi haijafungwa.

Wako katika kazi,
Walimu na wanabodi wa shule za msingi za vijijini, Mombasa na viunga vyake