Mke wangu hataki tena nyumba, anataka mashua mwaka mzima

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Munyonyo, Kampala, ufukweni mwa Ziwa Victoria, nimekaa huku gatini maana ndani ya mashua hakuna pa kujificha na simu. Mimi ni mtu wa Mwanza, kazi yangu ni uwakala wa mizigo pale Port Bell. Mke wangu ni mzaliwa wa Lamu, binti wa nahodha. Tuna binti mmoja, anasoma sekondari ya bweni.

Mwaka juzi tulinunua mashua ya tanga kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ni ya fibaglasi, futi 30, ina vitanda viwili, jiko la gesi la plati mbili, na choo ambacho heri nisikieleze. Makubaliano yalikuwa tuitumie kipupwe tu, Juni hadi Agosti, mvua zikipungua na upepo wa kusi ukishika. Na kipupwe kilichopita, sisemi uongo, tulifaidi. Nilichukua likizo, tukavuka Ikweta hadi kisiwa cha Bugala, tukatia nanga Lutoboka, kisha tukawa tunazunguka Ssese kisiwa kwa kisiwa. Asubuhi tunanunua sato kwa wavuvi, mchana tunasafiri. Upepo unapiga, mimi nimekumbatia kamba na tumbo linanipanda, yeye yuko kwenye usukani anaimba.

Tulipokuwa tunarudi, Ghuba ya Murchison ilikuwa imejaa magugu maji, zulia la kijani kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Tanga lilikuwa limeshateremshwa, tunaenda kwa injini. Ghafla king'ora cha joto kikalia: mizizi imeziba tundu la maji ya kupozea injini. Kabla sijajua nishike nini, mwenzangu ameshazima, amefungua sakafu, amechomoa chujio na anachokonoa matope na mizizi kwa kisu cha kumenyea viazi. Halafu akalala kifudifudi nyuma ya mashua, mikono majini mpaka mabegani, akawa anakata yaliyojisokota kwenye propela. Nilimpigia kelele za kichocho. Akaniambia nishike tochi. Nimeoa fundi, hilo silikatai.

Tatizo ni kwamba kipupwe kimekwisha na yeye hataki kushuka. Mkataba wa nyumba yetu ya kupanga kule Ggaba unaisha mwezi huu, na anasema tusiuendeleze: kwa nini tulipe kodi ya nyumba na ada ya gati kwa wakati mmoja? Tena ana biashara hapa. Anashona mito, mahema na vifuniko vya matanga, wenye boti wanamfuata papa hapa na vitambaa vyao. Kuna miezi anaingiza kuliko mimi. Kwa hesabu za fedha ameshanishinda, sibishani naye tena.

Ninachoogopa ni usiku wa mvua. Mtu ambaye hajalala juu ya ziwa hili hajui radi. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, pepo za bara zinatoka pande zote zinakutana ziwani, hewa ya unyevu inapanda, na ikifika saa tisa au kumi za usiku mbingu inapasuka. Sisi tuko chini ya mlingoti mrefu wa alumini. Mke wangu ananiambia fundi alifunga waya mnene wa shaba kutoka mlingotini hadi kwenye bamba lililo chini ya maji, basi nilale. Lakini huo ni utaalamu wa baharini. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri sana. Maji baridi ya ziwa hayapitishi hivyo, na radi ikikosa pa kwenda itatafuta njia nyingine, pengine hapo hapo tulipolala. Nimemweleza. Anageukia ukutani, anakoroma.

Mzee mmoja jirani yetu wa gatini naye ananiongezea. Anapenda kusimulia mwaka 2020, ziwa lilipofika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja mwezi Mei, likaipita kidogo rekodi ya 1964, na visiwa vya mafunjo vilivyong'oka ufukweni vikawa vinaelea kokote. Kimoja kilifika hadi bwawa la Nalubaale, nchi nzima ikakosa umeme. Mke wangu anamsikiliza huku anashona, kisha anamuuliza kama anaongeza chai.

Mama yangu kule Mwanza ndio kabisa. Kila akipiga simu anaikumbusha MV Templar, ile boti ya starehe iliyozama upande wa Mukono Novemba 2018, wakafa watu zaidi ya 30. Nikimwambia ile ilizidisha watu, ananiuliza kama nimekosa kiwanja nchi kavu.

Na Desemba binti yetu anafunga shule. Ana miaka 15. Nitamwambia alale kwenye kiti cha kulia chakula, na baba yake anapita juu yake usiku kwenda chooni?

Kaka yangu ananishauri nimlipe mwenye nyumba kimya kimya, nibaki na funguo mfukoni. Nimeshawishika, lakini mke wangu ndiye anayeshika daftari la fedha zetu, atajua kabla wiki haijaisha, na hapo ugomvi hautakuwa wa nyumba tena. Mimi nilikuwa nafikiria nimwombe tuchukue hata chumba kimoja na sebule, tukae nchi kavu mvua za vuli na masika, mchana aje kushona gatini kama kawaida, na kipupwe kikirudi mashua iwe yetu yote. Nikianza tu kusema, anasema namfunga kamba kama mbuzi.

Mwenye nyumba anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Niseme nini, Shangazi, na nianzie wapi? Au nimwombe mzee mmoja wa kwao Lamu aongee naye? Nahofia naye atamuunga mkono mke wangu.

Mume wa nahodha,
Kampala